Pampu ya Sola Ramisi: Kokotoa Kwanza, Kisha Pima

Kabla kamati ya maji ya kijiji chako haijatia sahihi karatasi za kununua pampu ya sola, muulizeni muuzaji swali moja: paneli hizi zitatoa wati ngapi saa nane mchana, mwezi wa Februari, hapa Ramisi? Akijibu kwa kusoma kibandiko kilicho nyuma ya paneli, bado hajajibu. Namba ya kibandiko hupatikana maabara, kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, huku paneli yenyewe ikiwa na joto la nyuzi 25 tu. Ramisi mchana hata hewa ya kivulini huwa imepita hapo, sembuse kioo kilichoanikwa juani tangu asubuhi.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa fizikia, mwanafunzi wa chuo aliyerudi nyumbani likizo, fundi wa sola, au mwanakamati anayetaka kujua fedha za wanakijiji zinanunua nini hasa. Hesabu zake ni za shule ya upili. Vifaa ni vichache. Kinachohitajika zaidi ni nidhamu ya kuandika kila namba, hata ile isiyokupendeza.

Kazi ina pande mbili. Upande wa kwanza ni modeli, yaani hesabu inayobashiri jambo kabla halijatokea. Upande wa pili ni jaribio, yaani kipimo cha kilichotokea kweli. Ukiwa na hesabu peke yake, huna cha kuithibitisha. Ukiwa na vipimo peke yake, hujui kama pampu inafanya vizuri au vibaya, kwa sababu hujui ilipaswa kufanya nini. Basi kanuni ninayokusihi uishike kuliko zote ni hii: andika ubashiri wako kwa kalamu ya wino, pamoja na tarehe, kabla hujagusa mita. Anayekokotoa baada ya kupima huivuta hesabu yake polepole mpaka ilingane na kipimo, wala hajui kwamba anafanya hivyo.

Kwale ina historia na kazi hii

Usidhani utafiti wa aina hii ni wa Nairobi na ng'ambo pekee. Afridev, pampu ya mkono inayotumika leo katika nchi nyingi za Afrika na Asia, ilijaribiwa na kuboreshwa hapa Kwale miaka ya 1980, katika mradi wa UNDP na Benki ya Dunia. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka ndani ya mipini ya pampu za Kwale kifaa kidogo kinachohisi mwendo, cha jamii ya kile kinachoijulisha simu yako kwamba umeigeuza. Kifaa kilifuatilia mpini unavyopanda na kushuka, kikatuma habari kwa mtandao wa simu. Pampu iliyonyamaza ikajulikana mapema, fundi akatumwa.

Kisha wakagundua kitu kizuri zaidi. Mtikisiko wa mpini hubadilika kidogo kulingana na kina cha maji. Mwaka 2017 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kompyuta iliyofunzwa kwa mitikisiko hiyo inaweza kukadiria maji yako umbali gani chini ya ardhi. Lakini kompyuta haikujifundisha. Ilibidi kwanza kina halisi cha maji kipimwe visimani, kisha namba hizo zilinganishwe na mitikisiko. Modeli yoyote, hata ile ya kompyuta kubwa, husimama juu ya mtu aliyepima kitu kwa mkono.

Maji ya ardhini ya sehemu hii yalichunguzwa pia na mradi wa Gro for GooD, uliowakutanisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT, Oxford na Chuo Kikuu cha Politeknika cha Catalunya. Sababu unaijua: machimbo ya madini, mashamba ya miwa, hoteli za Diani na visima vya vijiji vyote vilikuwa vikinywa kutoka ardhi ya ukanda huu mmoja.

Jinoe kwa hesabu ya miwa

Kabla ya pampu, jaribu hesabu moja ya kukuzoesha. Kiwanda cha zamani cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Kampuni ya KISCOL ilipokuja kufufua sukari, mpango wake ulikuwa kukamua tani 3,000 za miwa kwa siku na kuzalisha megawati 18 za umeme kwa kuchoma makapi. Je, namba hizo mbili zinaelewana?

Muwa ukishakamuliwa, karibu asilimia 30 ya uzito wake hubaki kuwa makapi. Hizo ni tani 900 kwa siku. Kilo moja ya makapi yenye unyevu wa nusu kwa nusu hutoa joto la megajuli 7.5 hivi, kwa hiyo siku nzima unapata megajuli milioni 6.75. Gawanya kwa sekunde 86,400 za siku: megawati 78 za joto. Boila na tabo zikigeuza sehemu moja ya tano ya joto hilo kuwa umeme, unapata megawati 15 au 16. Kwa hesabu ya dakika tano umefika karibu kabisa na 18, na umejua kwamba mpango ule haukuwa ndoto. Hujaingia kiwandani wala hujaomba faili la mtu. Ndiyo nguvu ya modeli nyepesi, na ndiyo sababu nashauri uanze nayo kila mara kabla ya kufungua programu yoyote ya kompyuta.

Hesabu ya maji

Sasa kisima chako. Tuchukulie maji yako mita 12 chini, tangi liko juu ya mnara wa mita 6, na msuguano ndani ya bomba unakula kiasi cha mita 2 zaidi. Jumla ni mita 20. Kijiji kinataka lita 10,000 kwa siku. Kila lita ni kilo moja, na kuinua kilo moja kwa mita moja kunahitaji juli 9.81. Zidisha: 10,000 mara 9.81 mara 20. Unapata juli 1,962,000, ambazo ni kilowati-saa 0.55, yaani nusu yuniti na chembe, kwa zile yuniti unazonunua kwa tokeni.

Ni kidogo mno kuliko watu wanavyodhani. Ila hiyo ni kazi ya maji tu. Mota hupasha joto, maji huzunguka bure ndani ya pampu, na pampu ndogo ikijumlishwa na mota yake mara nyingi hugeuza kati ya asilimia 35 na 40 tu ya umeme kuwa maji yaliyopanda. Ukichukua 38, unahitaji kilowati-saa 1.43 kwa siku.

Hatua inayofuata ni jua. Tovuti za NASA POWER, PVGIS na Global Solar Atlas hutoa takwimu za jua bila malipo. Andika latitudo 4.5 kusini na longitudo 39.4 mashariki. Pwani yetu hupata wastani wa kilowati-saa 5 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku, zikipungua miezi ya mawingu ya masika na mwanzo wa kusi. Ni kama kusema jua kamili la wati 1,000 linawaka kwa saa tano. Ukiondoa robo nzima kwa ajili ya joto, vumbi na nyaya, kila wati 100 za paneli zitakupa kilowati-saa 0.375 kwa siku. Gawanya 1.43 kwa hiyo: paneli za wati 400 hivi zinatosha. Muuzaji akikuletea bei ya wati 1,500 kwa kisima hiki, mwambie akuonyeshe hesabu yake.

Usikokotoe kwa wastani wa mwaka peke yake. Fanya hesabu ya Mei na hesabu ya Februari kando kando. Mei jua ni haba, lakini mapipa yamejaa maji ya mvua na foleni kisimani ni fupi. Februari, kaskazi ikivuma na mabwawa yakikauka, mahitaji hupanda lakini jua nalo ni kali. Wengi hununua paneli za ziada wakiogopa Mei, ilhali shida yao halisi ni kwamba Februari maji ya kisima hushuka na zile mita 20 huwa 23.

Tahadhari nyingine: takwimu za jua za NASA POWER hutolewa kwa mraba wenye upande wa nyuzi moja, kama kilomita 110. Mraba mmoja huo unazijumuisha Ramisi, vilima vya Shimba na eneo kubwa la bahari. Mawingu ya Shimba si ya kisiwa cha Funzi. Setelaiti imekupa makadirio mazuri ya kuanzia, nayo hayawezi kuchukua nafasi ya kipimo cha kwenye bati lako.

Joto na mwelekeo

Joto ndilo mwizi mkubwa wa paneli za Pwani, na wauzaji wengi hawalitaji. Kwenye karatasi ya maelezo ya paneli tafuta namba iitwayo NOCT, ambayo kwa kawaida huwa karibu nyuzi 45. Toa 20, gawanya kwa 800, zidisha kwa nguvu ya jua, kisha ongeza joto la hewa. Kwa hewa ya nyuzi 31 na jua la wati 900, unapata joto la paneli la karibu nyuzi 59. Tafuta pia namba inayosema nguvu inapungua kwa asilimia ngapi kwa kila nyuzi. Mara nyingi ni kati ya 0.3 na 0.45. Ukichukua 0.4, nyuzi 34 zilizozidi 25 zinakuondolea asilimia 13.6. Paneli ya wati 100 chini ya jua hilo itatoa wati 78, nayo haina kasoro yoyote. Ndiyo maana usiibandike juu ya bati. Acha nafasi ya upana wa kiganja au zaidi chini yake, upepo wa bahari upite.

Jua la Ramisi hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 9 Machi na 5 Oktoba. Juni huinama kaskazini, Desemba kusini. Kwa hiyo mwinamo mdogo unatosha: nyuzi 10 kuelekea kaskazini, ili angalau mvua ioshe vumbi na chumvi. Na usisubiri saa sita kamili ukidhani ndipo jua liko juu kabisa. Saa zetu hufuata mstari wa longitudo 45, nasi tuko magharibi yake, kwa hiyo utosi wa Ramisi hufika karibu saa sita na dakika 22, ukisogea kati ya dakika ya 6 mwanzoni mwa Novemba na dakika ya 37 hivi katikati ya Februari. Ukipima saa sita kamili kila siku na kuita hicho kilele, utakuwa na kosa linalohama kimyakimya mwaka mzima.

Jaribio lenyewe

Tafuta mita ya umeme inayopima volti na ampea za mkondo mnyoofu, kipimajoto chenye waya, saa ya simu, mtungi wa lita 20, kamba ndefu yenye uzito mwishoni, na paneli ndogo ya wati 10 au 20. Paneli ndogo ndiyo itakuwa kipimo chako cha jua. Unganisha ncha zake mbili moja kwa moja kupitia mita ikiwa kwenye ampea: mkondo unaopita hulingana na nguvu ya jua. Kibandiko kikisema ampea 0.60 na wewe ukisoma 0.45, jua lako ni wati 750 kwa mita ya mraba. Iweke kwa mwinamo ule ule wa paneli kubwa na uipanguse kila unapopima. Paneli kubwa usizipanguse bado. Uchafu wake ni sehemu ya unachotaka kukijua.

Mchezo huo wa kuunganisha ncha mbili kupitia mita usiufanye kwa paneli kubwa. Mita nyingi za bei nafuu hukomea ampea 10, na paneli kadhaa zilizofuatana huzidi volti zinazoweza kudhuru mwili. Usichomoe waya wa sola huku pampu inafanya kazi, kwa sababu cheche ya mkondo mnyoofu haizimiki kirahisi na huunguza. Zima kwanza kwenye swichi. Kama hujazoea, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, asimame nawe. Kanuni za sola zinamtaka mfungaji awe na leseni.

Sasa pima, kila nusu saa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Andika saa, ampea za paneli ndogo, joto la nyuma ya paneli kubwa, volti na ampea zinazoingia kwenye pampu, sekunde za kujaza mtungi juu ya tangi, na kina cha maji kisimani. Ongeza safu ya maneno: wingu, upepo, kivuli cha mnazi, mtoto aliyefungua bomba. Safu hiyo ya maneno ndiyo itakayokuokoa wiki ijayo utakapokuta namba isiyoeleweka.

Tuchukulie mstari mmoja wa daftari. Jua ni wati 750, hewa nyuzi 31. Modeli yako inasema paneli za wati 400 zitafika nyuzi 54 na kutoa wati 265. Mita inasoma volti 34 na ampea 7.6, yaani wati 258. Mtungi umejaa kwa sekunde 40: nusu lita kwa sekunde, iliyoinuliwa mita 20, ni wati 98 za maji. Gawanya 98 kwa 258 upate ufanisi wa asilimia 38.

Modeli imekosea kwa wati 7. Je, ni jambo la kushtua? Mita zako zina kosa la asilimia moja au mbili kila moja. Tofauti isiyofika asilimia 3 imemezwa na makosa ya vifaa, basi usijenge hadithi juu yake. Kidole kinachobonyeza saa nacho kinaweza kukosea sekunde moja kati ya 40, kwa hiyo rudia kujaza mtungi mara tano, uchukue wastani, uandike pia namba kubwa na ndogo kabisa ulizopata. Kipimo kisichosema kinaweza kukosea kwa kiasi gani hakijakamilika.

Lakini mita ikisoma wati 205, hapo pana jambo. Usibadilishe modeli haraka ili ikubaliane. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Osha paneli, pima. Ikipanda hadi 250, umejua gharama ya uchafu, na kamati inaweza kuamua nani aoshe na kila baada ya siku ngapi. Isipopanda, kagua viungo vya nyaya kwa kutu. Chumvi ya bahari hula shaba. Kisha tazama kivuli. Funika seli moja tu kwa kipande cha boksi uone nguvu inavyoporomoka kuliko ukubwa wa kivuli, kwa kuwa seli zimeungana kwa mfululizo na mkondo wa zote hupita katika ile dhaifu. Wanafunzi wakiona hivyo kwa macho yao hawatauliza tena kwa nini ukuti mmoja ni tatizo.

Kisima nacho ni sehemu ya mtambo

Hapa ndipo miradi mingi ya sola Pwani hukosea, na ndipo ninapotaka usome polepole. Pampu ya mkono humchosha anayepampu, kwa hiyo kisima hupumzika. Pampu ya sola haichoki, na jua halina bili. Hakuna kinachoizuia kuvuta mchana kutwa.

Karibu na bahari, maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi ndani ya mwamba na mchanga. Lita ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi dhidi ya 1,000 za maji matamu, na kutokana na tofauti hiyo ndogo, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba mita 40 za maji matamu chini yake. Sasa geuza: ukishusha maji ya kisima kwa nusu mita na kuyaacha hivyo kwa muda mrefu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda kwa mita 20. Ni kanuni rahisi na ardhi halisi ina ukaidi wake, lakini mwelekeo wake ni wa kweli. Kisima kilichoingia chumvi huchukua muda mrefu kupona.

Kwa hiyo teremsha kamba asubuhi kabla pampu haijawaka na jioni kabla haijazimwa. Maji yakishuka siku moja yakarudi usiku, ni sawa. Yakishuka kila wiki zaidi ya wiki iliyopita, punguza saa za kupampu bila kungoja kikao. Kipimo kidogo cha chumvi, kinachosoma jinsi maji yanavyopitisha umeme, kitakuonya kabla ulimi haujaonja kitu. Kabla ya kuchimba au kufunga pampu yenye nguvu, nendeni kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji mwulizie kibali. Na wewe mwanafunzi unayetaka matokeo yako yawe tasnifu, omba leseni ya utafiti ya NACOSTI mapema, kisha mweleze mzee wa mtaa na wenye kisima unachofanya kabla ya kuwasili na waya zako.

Weka namba zote kwenye daftari moja linalokaa kwa kamati, si kwenye simu ya mtu mmoja. Pima angalau siku chache za kaskazi na chache za kusi, kwa sababu modeli iliyolingana na Februari peke yake haijajaribiwa. Na kama kamati yenu bado haijanunua chochote, anzeni na kamba na mtungi tu: pimeni kina cha kisima asubuhi na jioni hadi kiangazi kiishe, mkokotoe wati mnazohitaji, ndipo mumwite muuzaji.